Miguu ya Baba Kimya

Kwa kunyamaza, hakuna aliyemshinda Lynette Akong'o pale ashram, na yeye mwenyewe alimwambia hivyo kila aliyekutana naye, tangu alfajiri, kabla saa ya kimya haijaisha.

Lakini asubuhi hiyo alinyamaza kweli. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Baba Kimya, paji la uso karibu ligonge sakafu, mikono ameinyoosha kugusa miguu ya mzee, na miguu haikuwepo. Baba alikuwa ameipandisha kitini akaikalia kama kuku anayeatamia.

Nyuma yake wenzake walikohoa. Kikohozi gani hicho chenye meno nje?

Ashram hiyo, makao ya ibada ya Wahindu, ilikuwa juu ya Gesima, imezungukwa na chai pande zote. Lynette alikuwa katika mwezi wake wa nne wa mafunzo. Kuamka kabla ya jogoo. Kuoga maji yanayouma kama nyuki. Kufagia ukumbi, kuimba nyimbo asizozijua maana, kumenya viazi vya watu wote, kisha kula ndengu zisizojua kitunguu. Jioni ni kukunja miguu mpaka magoti yasahau ni ya nani.

Yote hayo aliyavumilia kwa sababu hoteli moja mjini Kisii ilikuwa imemwekea kazi ya kufundisha yoga. Na ashram haikumruhusu mtu kufundisha kabla hajagusa miguu ya Baba Kimya na kuwekewa mkono kichwani.

Kugusa miguu kwenyewe kulikuwa kumempa shida mwanzoni. Yeye ni binti wa Homa Bay aliyeolewa na Mokua wa Ikonge, na kwa Wagusii mke wa mtoto hampi baba mkwe hata mkono, sembuse kumshika miguu. Mkwe wake, mzee Obwocha, aliyekuwa Kampala akiuza vinyago vya mawe, Lynette alimwona siku ya harusi tu, tena akiwa ameinamisha kichwa. Alichokiona ni viatu.

"Hapa mzee ni mzee, binti," Swami, mkuu wa ashram, alimwambia. "Shika miguu."

Haya, sasa yuko tayari kushika, na miguu haishikiki! Wenzake wote walikwisha kubarikiwa. Hata Bravin, aliyekoroma kila ibada kama mashine ya kusaga mahindi, alibarikiwa akiwa nusu usingizini.

Huyo Baba alitokea siku ya mvua kubwa, peku, akaketi barazani bila kusema neno. Swami akasema aliyeweka nadhiri ya kimya haulizwi atokako. Wakampa shuka ya rangi ya chungwa, wakampaka majivu usoni, ndevu zikaota zilivyotaka. Wengine walisema ni Mhabeshi, wengine Mhindi aliyechomwa na jua. Sifa za baraka zake zilifika Nyaramba.

"Swami, nimemkosea nini mzee huyu?" Lynette alilalamika jikoni.

"Jichunguze. Baba anaona ya ndani."

Lynette akajichunguza, akaona omena, dagaa wa kwao ziwani. Pakiti nzima chini ya godoro, ya kukaanga, aliyotumiwa na dada yake. Mahali ambapo hata yai ni dhambi! Akaifukia nyuma ya choo huku machozi yakimtoka, na hayakuwa ya toba. Kesho yake alijisugua ndimu mpaka akanukia kama chai ya mgonjwa, akaenda kupiga magoti.

Baba akaruka kando, akajifunika shuka uso mzima.

"Yawa!" Lynette akafoka, na saa ya kimya ikaharibika kwa wote.

Jumapili, siku ya kuruhusiwa simu, alimpigia mama mkwe wake, Eucabeth.

"Nitarudi mikono mitupu, mama. Mzee ananikimbia kama nina upele."

"Wengine hawakimbii?"

"Wote anawabariki, ni mimi tu! Nikiingia mlango huu, anatokea ule. Tukikutana njiani, anajitosa kwenye chai mpaka nipite."

Kwenye simu ikasikika sufuria ikitua chini.

"Mama, upo?"

"Nipo. Hebu niambie, mokamwana, siku ya kufunga mafunzo wazazi wanaruhusiwa?"

"Wanaruhusiwa. Lakini uje kuona aibu gani?"

"Nitakuja. Usimwambie mtu."

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Lynette aliitwa wa mwisho. Akapiga magoti, akanyoosha mikono taratibu, kama mtu anayemvizia kuku wa jirani. Miguu ikapanda kitini. Shuka ikapanda usoni.

Swami akatikisa kichwa kwa huzuni. "Pole, binti. Bila mkono wa Baba, siwezi kukuruhusu."

Miezi minne ya ndengu! Lynette alibaki pale chini.

Ndipo Eucabeth alipoinuka kutoka kwenye mkeka wa wageni. Alipita katikati ya ukumbi na viatu vyake miguuni, watu wakiguna, akasimama mbele ya kiti. Kwa ncha ya mwavuli akaifunua ile shuka, akautazama uso wa majivu kwa muda mrefu.

"Baba Mokua," alisema polepole, "habari za Kampala?"

Hakuna aliyekohoa. Baba Kimya aliutazama mwavuli, akautazama mlango, kisha, kwa mara ya kwanza tangu aingie pale, akafungua kinywa.

"Nzuri," alisema. "Nimeshuka kwenye basi sasa hivi."