Matairi ya Mlimani

Lubango aliyapapasa matairi mapana yanayong'aa. Mkewe alikuwa karibu kujifungua, mvua zilishaanza, na pikapu yake ya dizeli ndiyo pekee ya kumshusha mlimani hadi hospitali.

"Hayo ya lami, kaka," alisema Mama Tunu, muuza matairi. "Unayapendea sura kama mchumba! Kwenye mawe yatakuaibisha. Chukua haya magumu, yenye meno marefu."

Akayachukua. Yalipofungwa, Mama Tunu aliyasogeza yale ya zamani, vipara vitupu. "Nimpe fundi wa makatambuga, ayakate viatu?"

"Mpe matatu, mama. Asante." Lubango aliinua la nne. Ndilo lililong'ang'ania ukingo wa korongo pikapu ilipoteleza, alipomkimbiza mkewe hospitali na mimba ya kwanza. "Hili halikutuacha."

Akaliweka kwenye kiti cha mbele, akalifunga mkanda kama abiria, wakaanza kupanda mlima.