Tawi Alilomchagulia Mumewe

Tangu apigwe kiharusi, Mzee Anyosisye alifikiri kwa msaada wa kifaa kidogo nyuma ya sikio. Mfumo wake ulikuwa mali ya wote, ukiandikwa na yeyote mwenye ujuzi, na kila mwaka sheria ilimtaka mke amchagulie mumewe tawi, yaani toleo la mfumo huo: Tulivu, lisilobadilishwa, au Jipya. Aliyeingia Jipya hakuweza kurudi Tulivu. Tulivu nalo, watu walisema, limechakaa, laweza kumzima mtu usingizini.

Atupele alifunga siku tatu akiomba, kisha akachagua Tulivu. Asubuhi alimpelekea mumewe ndizi na maharage, akasimama kumtazama aone kama bado ni yule yule.

Mzee alionja, akakunja uso. "Mama Lusajo, chumvi imeadimika?"

"Bwana asifiwe!" Atupele alisema, machozi yakimtoka.

"Unamsifu Mungu kwa maharage ya chukuchuku?"

Atupele alikuwa bado anacheka wakati jirani yake, Mama Sekela, alipobisha hodi. Yeye alimchagulia mumewe, aliyekuwa na kifaa kama hicho, tawi Jipya, maana ulimi wa mzee yule ulikuwa umemchosha.

"Mzee wako ameamkaje?" Atupele alimuuliza.

"Salama. Ameosha vyombo, akanishukuru."

"Si ndilo ulilokuwa ukiliombea?"

"Ndilo." Mama Sekela alitazama viganja vyake. "Ameniita mke wangu mpendwa. Miaka thelathini aliniita Mama Kelele."

Kutoka ndani, Mzee Anyosisye alipaza sauti kwamba na chai nayo imepoa. Atupele akainuka, lakini jirani akamshika mkono.

"Usimpelekee kwanza," alisema. "Niache nimsikilize kidogo."