Punda Aliyetaka Uaskari

Wanyama walipokuwa bado wanaajiriana, Punda alichoka kubebeshwa magunia, akataka kuwa askari wa lango la Simba. Kwa mwaka mzima alinyanyua mawe kila asubuhi, mpaka kifua kikatutumka.

“Ndugu yangu, unakimbia mizigo kwa kubeba mizigo?” jirani yake Pimbi alimcheka.

“Mawe haya najibebea mwenyewe, Pimbi. Hakuna anayenituma.”

Siku ya usaili Simba alimzunguka Punda mara mbili, akaridhika. “Nguvu unazo. Swali moja tu: Fisi akija kwa fujo hapa langoni, utamfanya nini?”

Kwa mazoea ya miaka mingi, Punda aliinamisha mgongo. “Nimpeleke wapi, mzee?”

Simba alicheka hadi akashika mbavu. Punda alitoka pale na kazi: kubeba magunia ya askari.