Kikombe cha Bi Mwanasiti

Barazani kwa Shee Mbwana, muuza kahawa, wanaume walikuwa wakibishana tangu redio itangaze kwamba chama kimoja cha Uingereza kinatafuta kiongozi mpya kati ya wagombea wawili, mwanamke na mwanamume.

"Apewe yule mwanamke!"

"Yule? Hata bungeni hasikiki! Apewe yule mrefu."

Shee Mbwana akawaambia kila mtu aweke kikombe chake kitupu upande wa amtakaye. Vikahesabiwa: saba kwa saba.

"Bi Mwanasiti hajaulizwa," Shee Mbwana akasema.

Wakacheka. "Muuza kashata, na mambo ya Uingereza!"

Miaka ishirini Bi Mwanasiti alikuwa akiwauzia kashata hapo, akiisikiliza redio ile ile, na hakuna aliyewahi kumuuliza lolote ila bei.

"Haya mamangu, amua wewe," Shee Mbwana akammiminia kahawa.

Akainywa taratibu mpaka kwenye mashapo. Akakipangusa kikombe kwa ncha ya leso, ukingo kwanza, kisha kitako. Akatabasamu.

"Niambieni kwanza. Huyo mrefu, wanawake wa kwao wanamsemaje?"

Wanaume kumi na wanne wakaigeukia redio. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake, kina joto.