Gurudumu la Kasi

Nyumba thelathini na mbili za jengo lile zilikuwa zikila kasi ya mtandao kutoka uzi mmoja wa mwanga. Kila mwaka kura ilipigwa, na jirani mmoja akakabidhiwa gurudumu la kuigawa.

Lilipokuwa kwa Mzee Shehoza, Bi Mwanakombo alikuwa akimuaga kwa video mama yake, mahututi huko Wete. Shehoza akajimwagia kasi yote atazame mashindano ya bao. Uso wa mama ukaganda kwenye kioo. Ulipoachia, mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Mwaka huu kura ikamwangukia Bi Mwanakombo. Mwaka ulipokaribia kwisha, Shehoza akabisha mlangoni kwake.

“Hodi, jirani! Binti yangu anaolewa leo Muskati, na kadhi ananisubiri kwenye kioo nimwozeshe. Niongezee kidogo, dada yangu.”

“Nenda tu, bingwa wa bao. Utaipata.”

Akampa kasi ya kutosha mpaka Shehoza alipofungua kinywa, kisha akalizungusha gurudumu hadi sifuri. Akamsikia kupitia ukutani akipayuka, “Nimekuoza! Nimekuoza!” kama anayemwita kiziwi, huku yeye akicheka hadi machozi. Bwana harusi alisubiri, akachoka, akaondoka na watu wake.

Asubuhi Shehoza alikuja na sahani ya vitumbua. Hakugomba.

“Hiyo mashine ya moyo kifuani mwako, hospitali wanaiendesha kupitia uzi wetu huuhuu, sivyo?”

“Ndiyo. Kwa nini?”

“Nauliza tu. Kura ya mwaka mpya imenirudia mimi. Jumatatu nitakuja kuchukua gurudumu. Kula, dada yangu, vingali vya moto.”