Risasi Tatu za Khattab

Khattab aliziba masikio kabla bastola haijatolewa sandukuni. Alikuwa mtu wa tahadhari: miwani ya kinga machoni, vizibo vikubwa masikioni. Miezi mitatu alikuwa akija kujifunza kwenye uwanja huu wa shabaha, hapa Sib, Omani, mkewe akidhani yuko kwa daktari wa meno. Leo hakutaka kubahatisha.

Marehemu Mzee Bakhit aliacha bastola moja kuukuu ya kijeshi na wana wawili wa kiume. Katika ukoo wao, anayekaa na bastola ndiye mkubwa. Posa, tanzia, wageni wa Unguja, vyote huanzia mlangoni kwake. Mzee alifariki bila kutaja mrithi. Khattab ndiye kifungua mimba. Sami, mdogo wake, alitumikia jeshi miaka ishirini. Walipeana heshima mwezi mzima, "Chukua wewe," "La, wallahi, wewe," mpaka dada yao Rahila akachoka. Akaamua baada ya miezi mitatu walenge shabaha, risasi tatu tatu, na mshindi aichukue.

Hamoud, msimamizi wa uwanja, alichungulia mtutu, akazungusha silinda, akaridhika.

"Nimetia risasi zenye baruti kidogo, hii haitaki nguvu," alisema. "Na muangalie, mtutu umechakaa. Risasi inakwenda kushoto, tena sana."

Sami aliinua kizibo kimoja apate kusikia. Khattab aliitikia kwa kichwa tu. Vyake vilikuwa vimebana barabara.

Sami alitangulia. Alifyatua mara tatu, na karatasi ikabaki nzima kama ilivyotoka dukani.

"Uzee, kaka," alisema. "Mkono unatetema."

Akaiweka bastola mezani, mtutu ukielekea mbele kama ilivyo sheria, akachukua finjani yake ya kahawa iliyojaa pomoni na kuinywa bila kumwaga tone.

Khattab alisimama imara, akachagua mahali pake, akashusha pumzi. Alifyatua mara tatu, polepole, kama alivyofundishwa.

Hamoud alileta karatasi. Matundu matatu yalikuwa yamesongamana katikati ya duara jeusi; sarafu moja ingeyafunika yote.

Rahila alipiga kigelegele. Sami alimkumbatia kaka yake kwa furaha ambayo Khattab hakuwahi kuiona tangu walipokuwa watoto, akampigapiga mgongoni, akamkumbatia tena.

"Hongera, kaka," alisema Rahila, simu tayari mkononi. "Nnawambia wale wa Unguja kesho wakishuka waje kwako moja kwa moja. Wako kumi na wanne, wanakaa mpaka Shaabani."

Khattab alikuwa bado ameikodolea macho kona ya kulia ya karatasi, pale alipolenga mara zote tatu, ambapo hapakuwa na hata mkwaruzo.