Sauti ya Salha

Kifuniko cha birika kiligongagonga kabla ya alfajiri. Salha, mwimbaji wa roki, alimmiminia chai kwanza bibi yake, Bi Mkejina, aliyekuja kumtazama.

Mtoto wake mchanga alipolia, Salha alifungua redio. Kampuni ya muziki ilikuwa imenunua sauti yake, na kwa sheria yeye mwenyewe aliruhusiwa kunong'ona tu, hata nyumbani kwake. Redio ikabembeleza kwa sauti ya Salha. Mtoto akainyooshea redio mikono.

"Wezi wasio na haya!" Bi Mkejina alifoka. "Koo hilo nimelitibu mimi kwa tangawizi!"

Akaizima redio, akaimba mwenyewe kwa sauti ya kukwaruza. Salha akamfuata kwa gitaa, na mtoto akageuka kutazama vidole vya mama yake.

Ukutani, taa ya kinasa sauti cha kampuni ikawaka.

"Uje tena kesho, Bibi," Salha alinong'ona, "kabla hawajaipenda na sauti yako."